Mama Usafi na Vigae vya Mlangoni

Mama Usafi hakuwa anamtazama mtu usoni mpaka kwanza amtazame miguuni. Ukifika asubuhi na viatu vipya, yeye ndiye wa kwanza kujua, na hakujua kwa ajili ya kukusifia. Mkono mmoja kiunoni, mwingine umeshika mpini wa fagio, anakwambia, "Geuza mguu, papa. Nione chini." Nawe mtu mzima, mwenye duka lako na ndevu zako, unasimama kwa mguu mmoja kama mtoto anayekaguliwa kucha shuleni. Soli ikiwa laini anatikisa kichwa kwa huzuni. "Hii ni ya kwenda nayo harusi. Kwa vigae vyangu, hapana."

Vigae alivyoviita vyake vilikuwa vya mwenye jengo. Vilitandazwa kwenye baraza mbele ya maduka sita yaliyo chini ya paa moja, Jules Street, pale Malvern, Johannesburg. Mimi nilikuwa duka la tatu, nikiuza vitenge, khanga na vitambaa vya mapazia. Yeye aliajiriwa kusafisha baraza, ngazi mbili za mbele na choo cha nyuma. Alitokea Bukavu, na zaidi ya hapo sikuwahi kumuuliza habari za ukoo wake, wala yeye hakuniuliza wangu. Sote tulimwita Mama Usafi. Jina lake la cheti nililisikia mara moja tu, siku aliyofukuzwa.

Niliseme hili mapema, nisije nikaonekana namsifu mtu kwa mdomo mtamu. Alifukuzwa kwa sababu ya kopo moja la maji, na aliyelimwaga ni mimi, na nilinyamaza. Kwa miaka miwili nilikuwa na hamu na yule mama kwa namna ambayo sijawahi kuwa nayo kwa ndugu yangu yeyote, nikitaka nimwone walau dakika tano, nimwambie neno moja.

Asiyeujua mji huu hawezi kuelewa kwa nini maji yawe kesi. Kipupwe cha Johannesburg hakina mvua. Mbingu ni buluu mwezi mzima na hewa inakauka mpaka midomo inapasuka. Lakini alfajiri baridi inauma, na maji yoyote yaliyoachwa nje yanaganda. Tena jengo letu lilikuwa upande mbaya wa barabara, ule unaotazama kusini. Wenzetu wa ng'ambo wakiota jua la asubuhi na chai mkononi, sisi tulikuwa kivulini. Utando wa barafu ukishika kwenye vigae vyetu, unakaa hadi saa nne, na hauonekani. Unakuwa rangi ya kigae chenyewe.

Kwa hiyo Mama Usafi alikuwa na sheria zake, na alizisema kila mwaka baridi ilipoanza, akipita duka kwa duka kama mtu anayetangaza msiba. Asubuhi ni fagio kavu tu. Maji ni ya saa tisa alasiri, wakati vigae vimepata joto la mchana. Akishapiga deki alipiga magoti na kipande cha blanketi kuukuu akapanguza kigae kimoja kimoja hadi mlango wa mwisho, akirudi kinyumenyume. Kibao cha njano chenye picha ya mtu anayeanguka alikiweka, lakini hakukiamini. "Hii ni ya polisi na ya avoka," alisema, akimaanisha mawakili. "Mutu mwenye kuanguka hakusomaka kwanza kibao." Alichokiamini ni mchanga, chumvi ya mawe na magunia. Mfereji wa paa uliokuwa unadondosha karibu na saluni aliuwekea beseni, na chini ya beseni gunia, na kando ya gunia mchanga. Alfajiri alipita baraza lote akikanyaga kwa kisigino, polepole, kichwa amekiinamisha upande, kana kwamba anasikiliza.

Mimi nilipofika hapo mwaka 2015 sikuwa na habari hizo. Nilikuja na adabu za kwetu Tanga. Kwetu mwenye duka haanzi biashara juu ya kizingiti kikavu. Unafagia, unachukua kopo la maji, unanyunyiza mbele ya mlango kwa ncha za vidole, yanayobaki unayamwaga, unasema bismillahi, ndipo unafungua. Vumbi linalala na riziki inapata njia. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu, na sikuona kwa nini riziki ya Malvern ipite njia nyingine. Wiki yangu ya pili alinikuta nimeinama na kopo langu.

"Papa, njo nini hii?"

"Maji, Mama."

"Mayi ya nini asubui?"

"Ya vumbi. Na ya baraka. Kwetu ndivyo tunavyofungua."

Alilitazama kopo, akanitazama viatu. "Hapa si kwenu. Hata kwetu si hapa. Hapa mayi inalala inje, inaamuka kioo. Hiyo baraka yako iko na miguu? Basi na yenyewe itateleza."

Nilimjibu kwa methali, kama tunavyofanya watu wa pwani tukishindwa hoja. Nikamwambia kuteleza si kuanguka. Yeye hakuwa na heshima hata kidogo kwa methali zetu. "Nani alisema? Hakufagiaka huyo. Kuteleza ni kuanguka, imekosa tu ukuta wa kushika." Siku nyingine nilimwambia maji yakimwagika hayazoleki, akanionesha kipande chake cha blanketi bila kusema kitu. Nadhani kati ya watu wote niliowahi kubishana nao, ni yeye tu aliyenifanya nicheke nikiwa nimeshindwa.

Hakunikataza nikabaki mkono mtupu. Alinitafutia njia. "Unyunyize saa tisa, wakati nafanya deki. Mimi nitapanguza. Baraka haiko na saa ya kuvaa ku mukono." Nikamwahidi. Nilisema wallahi, na alijua maana ya neno hilo kwa sababu alishakaa na Watanzania. Tangu hapo, kila kipupwe, mimi nilitoka saa tisa na kopo langu, nikanyunyiza, naye akaja nyuma yangu magotini akiikausha riziki yangu. Wenye maduka wengine walitucheka. Muuza simu wa duka la kwanza alisema, "Eish, hawa wawili wana dini yao."

Msidhani alikuwa mtu wa busara moja kwa moja. Huyu aliyetuhubiria mwendo wa taratibu hakuwahi kungoja robot, taa ya barabarani, iwake kijani. Alivuka Jules Street mbio katikati ya teksi, sketi ameikunja kwa mkono, na madereva wakimpigia honi aliwapungia kama jamaa zake. Na Jumapili alikwenda kanisani na viatu vyeusi vyenye soli iliyong'aa kama sahani. Nilipomkuta hivyo siku moja karibu na kituo cha teksi nikamwambia, "Geuza mguu, Mama." Aligeuza uso. "Mungu anaangalia roho," akaniambia, akaenda zake kwa hatua fupi fupi, akishikilia uzio.

Na barafu yenyewe, adui wake, aliipenda. Asubuhi ya kwanza ya jalidi alikuwa ameweka kisahani cha maji juu ya ukuta wa nyuma tangu jana yake, akaja kututoa madukani mmoja mmoja tukaone. Alikitoa kile kipande cha duara, akakishika kwenye mwanga, akatazama upande wa pili. "Kwetu hii inatoka mu mashine tu," alisema. Mikono inamwuma, haachi. Ninapomkumbuka, mara nyingi namwona hivyo, amefumba jicho moja nyuma ya kipande cha barafu, anatabasamu, na pua inachuruzika kwa baridi.

Kipupwe cha mwaka 2017 biashara yangu ililala. Wiki nzima inapita nauza mita tatu za kitambaa cha pazia. Jioni moja mama yangu akanipigia simu kutoka Tanga, nikamlalamikia. Akaniuliza swali moja tu: "Mlangoni unamwaga maji?" Nikasema namwaga. "Asubuhi?" Nikasema saa tisa alasiri. Mama akashusha pumzi. "Basi unaona mwenyewe, mwanangu."

Kesho yake nilifika saa kumi na mbili na nusu. Mama Usafi alikuwa ameshapita upande wangu. Alikuwa mwisho kule, kwenye mfereji wa saluni, amenipa mgongo. Nilikanyaga vigae vyangu vikavu kabisa, nikafungua lango la chuma, nikajaza kopo. Nilijiambia ni kidogo tu, ni leo tu. Nikanyunyiza kwa ncha za vidole, nikamwaga yaliyobaki, nikasema bismillahi, nikaingia ndani kupanga majora. Sikujisikia vibaya. Nilijisikia kama niliyerudi nyumbani.

Baada ya kama nusu saa nilisikia kishindo, na sauti ya mwanamke aliyekosa pumzi ya kulia. Alikuwa mama wa makamo, mpita njia anayekwenda kazini, amelala mbele ya mlango wangu na mkono umepinda pale usipopindia. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo wasemavyo. Asiyesikia nilikuwa mimi, na mkono uliovunjika ulikuwa wa mtu nisiyemjua.

Mama Usafi alifika mbio. Alivua koti lake akamlaza yule mama juu yake, akazungumza naye kwa Kizulu chake cha kubahatisha mpaka gari la wagonjwa likaja. Halafu akabaki amepiga magoti. Aliweka kiganja juu ya kigae, akakiinua, akakiweka tena. Akainua macho akanitazama mimi niliyesimama mlangoni. Alinitazama muda mrefu. Nilijua amejua.

Msimamizi wa jengo alikuja saa tatu. Alikuwa kijana mwenye hofu, kwa sababu yule mama aliyeumia alikuwa ameshataja mawakili. Alimwita Mama Usafi kwa jina la cheti, akamwuliza kwa Kiingereza kwa nini alipiga deki jana akaacha maji. Alisubiri jibu. Na mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale. Mkataba wangu wa duka ulikuwa unaisha mwezi ule, na karatasi zangu za ukaazi zilikuwa bado hazijatoka, na hizo ndizo sababu nilizojipa. Ukweli ni kwamba niliogopa. Mama Usafi alitazama vigae, akasema, "Sorry, sir." Msimamizi akamfukuza pale pale, akampa mpaka Ijumaa. Ijumaa ile aliondoka na blanketi lake kwenye mfuko wa plastiki, na mimi nilikuwa nyuma ya duka nikipima kitambaa ambacho hakuna aliyekiagiza.

Baadaye ilikuja kampuni yenye mashine ya kusugua na vijana waliovaa sare. Walifanya kazi nzuri tu. Hakuna aliyeniuliza soli. Asubuhi nilivaa viatu nikajikuta nimegeuza mguu mwenyewe pembeni ya kitanda. Saa tisa ikifika nilitoka mlangoni bila kopo, nikasimama. Nilimkumbuka hata kwa ugomvi wake. Niliuliza kwa washona nguo Wakongo, kwa wasusi, kwa walinzi. Mmoja alisema amehamia kwa binti yake, Troyeville huko, lakini nyumba haijui.

Na katika hamu hiyo nilijitungia hadithi ya kunisaidia kulala. Nilisema: alijua ni mimi, akaamua kunifichia. Alibeba mzigo wangu kwa sababu alikuwa mtu mkubwa. Hadithi hiyo niliwasimulia hata watu wawili watatu, nikificha tu kwamba mwenye kopo ni mimi, nao wakasema Mungu ambariki mama huyo. Nilimfanya mtakatifu. Mtakatifu hahitaji kuombwa radhi haraka.

Nilimwona Julai ya mwaka 2019, mchana wa jua kali la baridi, nje ya duka la vyakula Bezuidenhout Valley. Nilizijua hatua kabla sijaujua uso, kisha sikuzijua tena, maana zilikuwa fupi na za woga. Binti yake, mwanamke wa miaka thelathini hivi, alikuwa amemshika kiwiko, akimwelekeza wapi pa kukanyaga. Mama Usafi alikuwa anaelekezwa pa kukanyaga. Nikasimama mbele yao nikamwamkia. Alinitazama usoni moja kwa moja.

"Papa wa vitambaa," akasema. "Bado uko?"

Nyumba haikuwa mbali. Binti alikuwa mpole, akanikaribisha, nikawabebea mfuko wa unga. Kiswahili alikisikia lakini alijibu kwa Kiingereza, kama vijana wengi waliokulia hapa. Tulipoingia alimketisha mama yake kwenye kochi, akamfunika miguu kwa shali, akaomba radhi kwamba chai itangoja kidogo mpaka apange vitu, kwa kuwa mama hapiki tena na jikoni haingii peke yake.

"Anaumwa?" nikauliza.

"Anasahau," binti akasema. "Ilianzia kule kazini. Aliacha maji sakafuni, mtu akavunjika mkono, na yeye hakumbuki kuyaacha. Alikuja nyumbani akaniambia mwenyewe kwamba kichwa chake kimeanza kuondoka. Akanikabidhi kiberiti. Akasema nisimwache na moto wala na watoto wangu."

Nilimtazama Mama Usafi. Alikuwa anatikisa kichwa taratibu, anakubali. "Njo vile," alisema. "Nilitafuta mu kichwa yote, papa. Ile siku nilikuangalia, nikasema labda huyu aliniona nikisahau. Nikaona na weye unanyamaza. Nikajua ni kweli, unanionea haya."

Hapo nilielewa macho yale yalikuwa yananiuliza nini. Hakuwa amenifichia siri. Hakuwa amenidhania kabisa, kwa sababu nilimwahidi, nikasema wallahi, naye aliamini. Alipotafuta wa kumlaumu alipita wengine wote akaishia kwake mwenyewe.

"Mama," nikasema, "hukusahau. Yalikuwa maji yangu."

Hakusikia, au hakutaka kusikia haraka. "Sema tena."

Nikasema tena. Nikamwambia simu ya mama yangu, kopo, saa kumi na mbili na nusu, yeye akiwa mwisho kule kwenye mfereji. Nilisema nikiwa nimetazama zulia.

"Na mulangoni pako, wakati haujamwanga mayi. Ilikuwa namna gani?"

"Pakavu, Mama. Nilipita kwa miguu yangu. Pakavu kabisa."

"Nilipanguza."

"Ulipanguza."

Alirudia neno hilo peke yake, kwa sauti ya chini, mara mbili. Mikono yake ilikuwa juu ya shali, na vidole vilikuwa vinakwenda na kurudi kama vimeshika kitambaa. Nilingoja anitukane. Nilitaka anitukane, ningempigia magoti. Akasema tu, "Uliniahidi."

"Nilikuahidi."

"Miaka mbili, papa. Nikiamka asubui najiuliza jina la mutoto yangu, nione kama bado iko."

Kisha akamgeukia binti, aliyesimama na pakiti ya unga mikononi. "Umesikia?" Binti akasema amesikia kidogo. Mama Usafi akaninyooshea kidole. "Mwambie kwa Kingereza. Yote. Na kopo pia."

Nikasimulia yote kwa Kiingereza, polepole, nikimtazama binti machoni kwa sababu mama yake alikuwa ananitazama mimi. Lugha ile haikunipa pa kujificha. Nilipomaliza, binti aliniuliza kwa nini sikusema siku ile ile. Nikamwambia niliogopa.

Mama Usafi alitoa shali miguuni akalikunja vizuri. Akasimama. Binti akaruka kumshika kiwiko, kama alivyozoea, na mama yake akamwambia, "Kaa." Halafu akanyoosha mkono, kiganja juu, akangoja. Ilimchukua binti muda kuelewa anaombwa nini. Akaenda kwenye kabati la juu, akapapasa nyuma ya sahani, akateremsha kiberiti akakiweka pale kiganjani.

Mama akaingia nacho jikoni peke yake. Mimi na binti tulikaa tukisikiliza. Bomba likafunguliwa, likafungwa. Njiti ya kwanza ilizimika, ya pili ikashika, na gesi ikawaka kwa mvumo wake mdogo. Mama Usafi akapaza sauti kutoka kule, ile ile aliyokuwa akituitia dukani, akaniuliza sukari vijiko vingapi, na binti yake akaanza kulia.